Digrii

Jina lake hasa Msellem Bwanaheri,
lakini Mbaraki hakuna aliyekuwa na subira ya silabi zote hizo.
"Toa mpira, Digrii!"
Na akikosea: "Karudishe cheti! Pesa ya babako imeliwa!"
Jukwaa zima likacheka,
hata muuza kachiri aliyeupa mchezo mgongo.

Mimi nilikuwa golini.
Niliishia darasa la sita, Majengo, wala sikuona haya;
mikono yangu ilijua kusoma kitu kimoja.
Yeye beki wa kushoto,
hesabu za bima miaka minne, shahada ya daraja la kwanza,
na mshahara wa elfu kumi na nane,
ukija.

Mamake, kule Kuze, alitundika picha mbili ukutani:
ya joho jeusi na ya jezi ya manjano.
Katikati akaacha nafasi.
Mgeni akiuliza ya nini, husema,
"Nangoja aamue."

Safari za Kisumu, usiku kucha,
siye na karata, siye na mikoromo,
yeye na kitochi mdomoni na daftari la miraba.
Kawaandika wapiga penalti wote wa ligi:
huyu hutazama kulia, hupiga kushoto;
huyu akivuta soksi, ni katikati;
huyu ana mke mgonjwa, atapiga kwa nguvu tu.
Nikamwambia, "Yakhe, mpira ni moyo."
Akasema, "Moyo nao una mazoea yake."

Msimu wa tatu goti la Nyanje likavunjika.
Tulisikia kama mua.
Klabu ikapeleka machungwa Makadara
na salamu za mwenyekiti.
Hela, hapana. Mkataba, walisema, umesema.
Mikataba yetu! Tulitia sahihi juu ya boneti ya gari,
kwa kalamu moja ya kuazima,
bila kuipindua karatasi.

Digrii akaipindua.
Chumba cha kubadilishia nguo, harufu ya dawa ya misuli,
akatusomea kifungu cha kumi na nne, polepole,
kama anayemsomea mgonjwa dawa yake,
mara moja kwa Kiingereza chao, mara mbili kwa lugha yetu.
Karisa akaomba kirudiwe.
Kifungu kilisema mguu ni wa klabu hadi uvunjike;
ukivunjika, ni wako.

Tuligoma siku tisa. Nyanje akalipwa nusu.
Digrii hakufukuzwa, la, watu wazima hawafanyi hivyo.
Aliwekwa benchi tu, mechi baada ya mechi,
jezi kavu, daftari mapajani,
mpaka mguu wake nao ukasahau.

Mechi yake ya mwisho hakuicheza.
Dakika ya tisini na mbili, penalti juu yetu,
mvua ya Mei, chokaa imeyeyuka.
Nikatazama benchini.
Aliinua mkono wa kushoto.
Lakini mpigaji alikuwa kijana mgeni, wa Nakuru,
na moyo wangu ukasema kulia,
na jukwaa lote lilikuwa likinitazama mimi,
si yeye.

Nikaruka kulia.

Hakunilaumu. Aliokota chupa za maji, moja moja,
akazipanga kretini kama kawaida.

Siku hizi yuko ofisi ya bima, Barabara ya Nkrumah, ghorofa ya tatu,
anapigia hesabu mizigo ambayo haijazama bado.
Tumbo limemtoka kidogo.
Juzi nilimpelekea mkataba wa mwanangu,
klabu mpya, karatasi nzito, nembo ya dhahabu.
Akasoma. Akapindua. Akasoma.
Akapiga mstari kwa penseli chini ya maneno manne.
Kisha, bila kuinua uso, akauliza:
"Siku ile, uliniona?"

Nikasema mvua ilikuwa kubwa.